Kichwa cha Taufiq Charejea Barani

Kwa taadhima kubwa, wakazi wa Malindi na vitongoji vyake wanatangaziwa kwamba kichwa cha Taufiq, mpishi wa meli mstaafu, kilichoshikwashikwa na vinyozi wa mataifa, kimerejea mtaani kwao Barani kupumzika. Mwili nao umekuja, maana ulikuwa umeshikamana nacho.

Maskati alinyolewa na Mhindi aliyemkanda shingo mpaka mifupa ikalia kama korosho zinazobanguliwa. Napoli walimkalisha kwenye kiti cha ngozi, wakamletea kahawa na kitabu cha picha achague anataka kuwa nani. Na kila bandari, kabla ya mkasi, swali lilikuwa lile lile: utapenda vipi, bwana? Taufiq hakulizoea asilani. Alionyesha kidole popote, akatoka mara kama mchezaji mpira, mara kama padri.

Yeye alikulia magotini mwa Ubaid, kinyozi wa mtaa, na Ubaid hakuwa na habari na maoni ya mtu. Mtoto wa Barani alikalishwa mkekani, kichwa kikabanwa kama dafu, maji baridi pwaa! Wembe ukapita, kipara, basi. Ukilia, unatukanwa. "Tulia, we boga! Kichwa hiki kingepandwa mashambani Tezo kingelisha mji." Mwisho hupakwa jiwe la shabu la kukausha damu, linalochoma kuliko wembe wenyewe. Huko melini, kati ya magunia ya vitunguu, Taufiq alikikumbuka kichomi cha shabu kuliko hata biriani ya mamake, Mungu amrehemu, naye alijua kupika.

Basi kabla ya kurudi alifuga nywele makusudi, aje azinyolewe na Ubaid. Dadake Tima akamzuia mlangoni: "Usiniingilie na kichaka hicho! Nenda kwa Ami Ubaid, angali hai."

Akaenda. Akakuta kiti cha kupanda na kushuka, mashine ya umeme, na ukutani picha za vijana waliochorwa mistari kichwani kama shamba lenye kesi ya mipaka.

"Shikamoo, Ami Ubaid."

"Marahaba. Kaa." Mzee akamfunga shuka, akamtazama kiooni kwa adabu zote. "Haya bwana, utapenda vipi?"

Moyo ukamshuka Taufiq mpaka kwenye kandambili. Afadhali angekatwa sikio. Kumbe na nyumbani pia ni mgeni, kama mtalii wa Kitaliano aliyepotea njia ya Marafa! Akazikodolea macho zile picha za ukutani.

Ubaid akadhani ni kiziwi. Akamwinamisha, akapitisha kidole kisogoni kutafuta pa kuanzia. Kidole kikasimama. Palikuwa na kovu, kazi ya wembe wake mwenyewe, siku Taufiq alipopiga chafya.

"La haula! We boga!"

"Ndimi, Ami."

"Na ulivyonyamaza! Ungenimalizia umeme bure."

Akachomoa mashine, akavuta mkeka nyuma ya kabati, akakaa kitako kwa kuguna kwingi, akatanua magoti. "Lete hapa. Na usipige chafya."

Mtu mzima mwenye mvi akabanwa kama dafu. Maji, pwaa! Machozi yaliyomtoka, hadi leo anaisingizia shabu.

Tima alimngoja mlangoni, na nusu ya mtaa nyuma yake, wamsikie msafiri. Kipara kilimeremeta, kina michubuko mipya.

"Yaa Rabbi, Taufiq! Dunia nzima umeizunguka, Wahindi wamekunyoa, Wataliano wamekunyoa. Haya tueleze, ndivyo ulivyotaka hivi?"

Taufiq akakipapasa kipara kwa fahari. "Ami Ubaid hakungoja jibu."