Barua ya Memsabu

Nikisikia tone la maji likianguka ndani ya ndoo, hurudi Doha, Qatar, kwenye nyumba yetu ya vyumba viwili mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, ambako kiyoyozi kikuukuu kilidondosha maji mchana kutwa na Shosho akalalamika kwamba nchi isiyo na mvua ina dari inayovuja. Shosho alikuwa mama yake baba. Alikuja kutoka Molo, kwetu Kenya, kututembelea kwa miezi miwili, miaka ile ya elfu mbili na kitu mji mzima ulipokuwa ukichimbwa, na joto likamfungia ndani kama mgonjwa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Baba alifanya kazi hotelini. Wageni walisahau vitabu vyumbani, na vile ambavyo hakuna aliyeviulizia aliruhusiwa kuvileta nyumbani. Hivyo ndivyo tulivyopata riwaya moja nene ya Kiingereza, jalada limepauka kwa jua. Ilihusu Wayahudi wawili, mke na mume, waliowakimbia Wanazi kule Ujerumani wakaishia kusimamia shamba nyanda za juu za Kenya. Mwalimu alitaka kila mmoja wetu asimulie darasani kitabu alichosoma, nami nikachagua hicho kwa sababu kilitaja kwetu.

Kila alasiri nilimsomea Shosho, nikitafsiri papo hapo. Mama alikuwa akirudi kutoka shule ya chekechea ya Abu Hamour, alikokuwa akilea watoto wa watu, anajilaza sakafuni miguu imeegemea ukuta, macho ameyafumba. Tulidhani amelala.

Siku ya tatu Shosho alinisimamisha. Nilikuwa nimefika pale vita vinapoanza, na askari wa Kiingereza wanamkamata yule mume kwa kuwa ni Mjerumani. Nikasema mwandishi amekosea, maana mtu huyo aliwakimbia Wajerumani haohao.

"Hajakosea," Shosho alisema. "Hivyo ndivyo walivyomchukua bwana wa kwetu."

Kumbe utotoni mwake, mama yake alikuwa dobi kwenye shamba lililosimamiwa na mkimbizi wa aina hiyo. Hawakuwa hao wa kitabuni. Mwandishi mwenyewe alieleza mwishoni kwamba amechanganya habari za familia nyingi. Bwana wa kwao alirudishwa baada ya miezi kadhaa. Mkewe, ambaye wote walimwita memsabu, alikuwa mwembamba, Kiingereza chenyewe kinampiga chenga, na Kiswahili alijifunzia kwenye karai la nguo, kwa mama yake Shosho. Wazazi wake walibaki Ujerumani. Jumamosi, siku ya mfuko wa barua kutoka stesheni, alisimama njiani tangu asubuhi. Mwanzoni barua zilikuja. Kisha zikawa fupi. Kisha zikakoma.

Katika riwaya, vita vinapokwisha, barua inafika: wazazi wa yule mke wangali hai. Nilikuwa nimechungulia sura hiyo mapema, na nilimsomea Shosho kwa furaha. Yeye akatikisa kichwa.

"Hiyo haikuja."

Nikamwambia hiki ni kitabu tu. Akasema anajua ni kitabu. Iliyokuja ilikuwa karatasi ya mtu asiyemjua. Memsabu aliisoma amesimama, akaikunja, akaenda kwenye karai, akachukua shuka mikononi mwa mama yake Shosho na kuanza kufua. Alifua mpaka jua likazama, hata nguo zilizokuwa safi. Mama yake Shosho hakumzuia. Alisuuza na kuanika. Watu wa shamba hawakuelezwa karatasi ilisema nini.

Nilikasirika, kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Kesho yake darasani nilisimulia mwisho wa kitabuni, tena nikaongeza kwamba ni kweli tupu, kwamba mama yake Shosho alikuwepo barua ilipofika. Mwalimu akaomba nipigiwe makofi.

Jioni Shosho aliniuliza nimewaambia nini. Yeye sikuweza kumdanganya.

"Nimewaambia barua ilikuja."

Nilingoja kugombezwa. Alinyoosha leso magotini.

"Hata sisi tulimwambia hivyo," akasema. "Kila Jumamosi, miaka yote ile. Itakuja, memsabu, wiki ijayo itakuja. Tulitaka tu atoke juani."

Nilikuwa chuoni, na Shosho amekwisha kuzikwa, niliposoma habari za treni na kambi, na mamilioni ya Wayahudi waliouawa humo. Nikaelewa kwamba Jumamosi nyingi kati ya zile, huenda hakukuwa tena na mtu wa kuandika hiyo barua. Nikaelewa pia uchovu niliousikia jioni ile katika sauti ya Shosho: alianza kusema neno hilo, itakuja, akiwa mtoto, hajui anamwahidi mtu nini.

Mama alikuwa sakafuni jioni ile, mahali pake. Kila Ijumaa, mwaka baada ya mwaka, alimwambia mama yake mzazi kule Kenya kwa simu kwamba mwaka huu lazima atapata ruhusa kazini, atakuja. Shosho aliposema yale, Mama alifumbua macho, kisha akageukia ukutani. Nilidhani tumemwamsha.