Unga wa Usiku Mmoja

Miaka ya hamsini, mwaka ule mvua ilipokatika, ulezi wetu ulikauka ungali mdogo. Ikabaki mihogo michungu, ile ya kulowekwa siku nne ndipo sumu itoke. Baba alikuwa migodini. Nyumbani Kabuta hatukuwa na wavu wala mtumbwi, ingawa ziwa tuliliona kutoka mlangoni. Mdogo wangu alivimba miguu, nywele zikawa nyekundu. Kila aliyemwona alisema mtoto huyu anahitaji samaki.

Samaki alikuwa nao bwana mmoja wa ng'ambo, upande wa Kongo, aliyebadilisha samaki wakavu kwa unga, beseni kwa fungu. Unga ulipofika ukingoni alivua kiatu, akaushindilia kwa mguu, kisha akadai tuongeze. Mama alimsihi kwa Kiswahili cha biashara.

"Baba, usikanyange unga na muguu. Mutoto wangu anavimba."

"Bon, mama, kama hautaki, beba unga yako. Bamama bengine biko."

Mama alipiga magoti akaongeza. Nilimchukia mtu yule, na sioni haya kusema hivyo.

Safari iliyofuata mama aliitoa mihogo dimbwini baada ya usiku mmoja tu, ingali migumu kama kuni. Tuliikatakata, tukaianika, nikaitwanga kwa raha kabisa. Unga ulitoka mweupe pe, ila haukuwa na ule uchachu wake. Mnunuzi mwenye akili hunusa unga kabla ya kuupima. Yeye hakunusa, alikuwa na haraka ya kuvua kiatu.

Alirudi baada ya majuma mawili, amekonda, mashavu yameingia ndani. Alimwamuru mama asonge ugali palepale.

"Kula weye kwanza, mama. Nione."

Huo ulikuwa unga wa siku nne. Mama alikula tonge baada ya tonge, akimkazia macho. Yule bwana akapokea beseni bila kulikanyaga, akatuongezea samaki watatu wakubwa juu ya fungu.

Mdogo wangu tulikuwa tumemzika Jumanne ya juma lile. Mama aliwaokota wale samaki mmoja mmoja, kisha akaniambia kwa Kibemba, polepole, kwamba tulikosea kuiloweka ile mihogo hata huo usiku mmoja. Nikamwambia ndiyo, mama, tulikosea.