Mkono Mmoja wa Triko ya Baba

Ilianza Jumamosi saa nane mchana, nyuma ya nyumba yetu Kasenga, shangazi aliponibana kichwa katikati ya magoti yake. Kesho yake nilipaswa kusoma somo la kwanza misani. Msomaji wetu alikuwa amekimbilia Bujumbura, ng'ambo, kabla mpaka haujafungwa, na padri akanichagua mimi, mimi ambaye hata darasani nilikuwa najificha nyuma ya mgongo wa mwenzangu. Tena mapunye yalikuwa yameniachia viraka kichwani. Nilimwambia shangazi: bila rasta, sisomi.

Meshi, zile nywele za bandia za kusukia, zilikuwa zinatoka Bujumbura, basi hazikuwepo. Shangazi akaleta triko ya baba, lile sweta zito la sufu, la kahawia.

"Na baba je?"

"Baba yako iko kule milimani anafundisha, vita imefunga njia. Tulia, weye!"

Alifumua mkono wa kushoto, akawa anavuta uzi humohumo kwenye triko: anausuka pamoja na kinywele changu, anauzungusha mpaka chini, anafunga fundo, anaunguza ncha kwa mshumaa. Sufu ile ilikuwa imejikunjakunja kwa miaka ya kufumwa, kwa hiyo zikatoka rasta kama za kweli. Nusu ya kichwa ilikuwa imekwisha risasi zilipoanza kulia mlimani.

Tulikimbilia chini ya kitanda, triko ikinifuata kwa uzi wake kama mbuzi wa kamba. Mara mlango ukasukumwa, mtu akajitupa kando yangu akihema. Alikuwa baba.

Akapapasa gizani, akakamata triko. Halafu nikasikia kichwa changu kinavutwa, polepole.

"Huu mukono," baba akanong'ona, "minye ninaujua."

Akaufuata kwa vidole mpaka ukaishia kwenye uzi.

"Dada, triko yangu iko wapi?"

"Iko hapa, kaka. Tuko nayo wote."

"Nimeshuka kwa kupita porini kuichukua! Kule juu baridi inaua kuliko hawa wenye bunduki."

"Jumatatu tunazifumua hizi rasta za mtoto, kaka. Nitakufumia tena."

"Na haya mafundo, yatafumuka?"

Shangazi akakohoa. Ikabidi niseme mwenyewe, uso sakafuni: viraka, somo, kanisa zima likinitazama. Baba akazipapasa rasta zangu moja moja mpaka risasi zikapungua.

"Mama," akaniambia mimi bintiye, "ukipata hizo nywele, utasoma?"

"Ndiyo, baba."

"Dada, maliza. Chukua na mugongo wa triko. Mukono wa kuume muniachie."

Asubuhi kanisani nilikuwa nimejificha nyuma ya mgongo wa shangazi. Baba akaingia, akaenda kukaa benchi la kwanza, joto lote lile, amevaa kilichobaki: kifua na mkono mmoja. Mbele alikuwa mwalimu. Nyuma, kamba mbili tu juu ya shati. Kicheko kikaanzia kwa wanakwaya, kikafika mlangoni.

"Ninaifuma bado, anaijaribu tu," shangazi akamwambia jirani, bila kutabasamu.

Hakuna aliyebaki na jicho la kunitazama mimi. Nikapanda mbele na rasta zangu za kahawia, nikasoma somo lote mpaka mwisho, kwa sauti, na padri mwenyewe alikuwa anatazama kwapa la baba.