Ukumbi Niliouzeesha

Nyumba ile ya mawe karibu na bandari ya Mocímboa da Praia imejengwa mara tatu. Kwanza aliijenga mfanyabiashara mmoja wa zamani sana: vyumba vitatu virefu na vyembamba, kuta za matumbawe na chokaa, upana hatua nne tu, kwa sababu boriti za mikoko haziendi mbali zaidi ya hapo. Kisha Wareno wakaizungushia baraza yenye nguzo za duara na vigae vyekundu. Mara ya tatu niliijenga mimi, na hapo ndipo aibu yangu ilipo. Naisimulia huku nacheka, kwa kuwa nimechoka kuificha.

Nilikuwa nimesoma hadi sekondari, jambo la nadra kwa fundi mwashi wakati ule, na nilijua kusoma ramani. Nchi jirani ilipoipanga nyumba ile iwe ubalozi wake mdogo, konsulado kama tulivyoiita mjini, nilipewa kazi mbili: nijenge ukumbi wa wageni upande wa mbele, na vyumba vyembamba vya nyuma nivifanye stoo. Ukumbi niliuinua kwa tofali za saruji, upana hatua kumi, juu kenchi za mbao. Halafu wazimu wa ujana ukanipanda. Nikauvika uso wa mawe ya matumbawe, nikachimba vidaka ukutani kama vya nyumba za mababu, nikapaka chokaa nyepesi ili mawe yachungulie. Vile vyumba vya kale vya kweli nikavipiga lipu ya saruji, ndani na nje, mpaka vikafanana na ghala la korosho.

Siku ya ufunguzi balozi mdogo aliingia na mgeni wake wa heshima. Mgeni akapapasa ukuta wangu.

"Huu ni wa karne gani?"

Nilikuwa nimesimama palepale, nimevaa shati jipya, soda mkononi. Ningeweza kusema ni wa mwezi uliopita. Nikasema, "Ni wa kabla ya Wareno, mheshimiwa."

Wakafurahi mno, na furaha yao ikanilevya kuliko tembo la mnazi. Haukupita muda wakaleta kibao cha marumaru kilichosema kwamba hii ndiyo sehemu kongwe kuliko zote katika jumba hili. Nilikifunga mwenyewe kwa skrubu nne, nikakisawazisha kwa pima maji. Tangu hapo mimi ndiye mjuzi wa ukumbi. Kila alipokuja mgeni niliitwa, na kila nilipoitwa ukumbi ulizeeka kidogo. Kuna mwaka niliufikisha kwa Washirazi.

Vita vikatutawanya. Ubalozi ukahama, nasi tukahama. Tuliporudi tulikuta vigae vimepukutika na kenchi zangu zimeungua, lakini kuta zimesimama, na dari ya chokaa ya vyumba vya nyuma haikuwa na hata ufa. Dari hiyo, ilipofanywa upya kabla ya kazi yangu, aliiponda mama mkwe wangu na wanawake wenzake, kwa vijiti, siku nzima nzima wakiimba, na mke wangu, wakati huo msichana, alikuwa miongoni mwao.

Mwaka huu nchi jirani imemtuma dada mmoja, mchora ramani za majengo, aje kuifufua nyumba. Akaniita mimi, mjuzi. Mke wangu akajifunga kanga yake akanifuata.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama," yule dada alisema, ramani mkononi. "Ukumbi wa kale tunauhifadhi jiwe kwa jiwe. Hizi stoo za saruji tunabomoa kesho, tuweke jenereta."

Kwenye kuta za nyuma tayari palikuwa na alama kubwa za msalaba kwa chaki nyekundu. Mke wangu aliitazama dari ya mama yake. Hakunitazama mimi; angenitazama, ningepata sababu ya kukasirika.

"Mwanangu," alimwambia yule dada, "ukumbi huu upana wake hatua ngapi?"

"Kumi, mama."

"Na boriti ya mkoko inafika wapi?"

"Nne. Tano ikijitahidi."

"Basi hao mababu dari waliishikilia kwa mikono?"

Vibarua waliokuja kubomoa wakaangua kicheko. Dada akaitazama ramani yake, akanitazama mimi.

"Ukumbi nimejenga mimi," nikasema. "Uzee wake ni uongo wangu. Za kale ni hizo mnazotaka kubomoa."

Hakuna aliyeniamini. Msimamizi wao akasema kwa huruma, akiniita Mestre kama mafundi wazee wanavyoitwa kwetu, "Mestre amepigwa na jua, mleteeni maji. Kibao hiki hapa, kinasema vingine."

"Kibao nimekifunga mimi."

"Una ushahidi, mzee?" dada akauliza.

Hapo nikakumbuka, na kicheko kikanishika mpaka nikajiegemeza ukutani. "Gongeni chini ya kidaka cha tatu. Palibaki tundu, nikaliziba na kopo la chakula changu cha mchana."

Msimamizi akapiga tindo mara nne. Likadondoka kopo la samaki wa sadini, bapa, lenye kutu, mfuniko wake umekunjwa kama ulimi.

"Sadini wa kabla ya Wareno," mke wangu akasema.

Dada alikaa chini kabisa, sakafuni, akicheka machozi yakimtoka. Kisha akainuka ghafla, akachukua tindo, akakimbilia nyuma. Lipu yangu ilipobanduka, matumbawe yakaonekana, na chokaa yake nyeupe. Msalaba wa kwanza aliufuta kwa mtandio wake mwenyewe.

Njiani kurudi nilimuuliza mke wangu kama alijua miaka yote hiyo.

"Hao sadini nilikufungia mimi," alisema. "Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe."

Sasa vibarua wananiita Mestre Sadini, hata mbele ya wageni. Saruji yangu iliufungia unyevu ndani ya chokaa, na kila ninapoibandua nakuta mawe yamelainika kwa kosa langu. Naibandua mwenyewe, kila asubuhi, kwa tindo ndogo, nimekataa kusaidiwa. Mke wangu yuko juu ya dari na wasichana watatu, anawafundisha kuponda chokaa mpya pale panapohitaji. Vijiti vinalia juu ya kichwa changu, vumbi linaniingia masikioni.

"Mestre Sadini," ananiita kutoka juu, "umefika dirisha la pili?"

"Nafika," namjibu.