Gunia Lililoandikwa kwa Chaki

Siku yangu ya kwanza kazini sikuogopa moto, sikuogopa sufuria kubwa kuliko mimi. Niliogopa karatasi. Mtu wa stoo alinisukumia fomu na biro, akauliza, "Unajua kusoma?"

"Najua."

Nikachora jina langu vile nilikuwa nimekariri wiki nzima, kama mtu anafuata mshono. Mungu alikuwa ananiona. Kanisani pia nilikuwa nafungua Biblia pahali popote, midomo ikisema mistari ninayojua kwa kichwa.

Ilikuwa shule ya msingi, si mbali sana na Amalemba. Mpishi mkuu alikuwa mama mzee tuliyemwita Kukhu, yaani nyanya. Ndiye alinifundisha kazi. Githeri ya watoto mia tatu haipikwi kwa haraka. Mahindi yanaingia kwanza alfajiri kwa sababu ni magumu, maharagwe baadaye. Unapimanga kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili. Unapeta kwa ungo, makapi na unga wa dumuzi, wale wadudu wa nafaka, vinaenda na upepo. Kuni za mkaratusi zinawaka haraka, kwa hivyo ukitaka moto wa kukaa unatafuta za mti mgumu.

Kukhu naye hakusoma. "Gunia la uzi wa buluu ni maharagwe, la uzi mweusi ni mahindi," aliniambia. "Yaliyobaki uliza pua. Pua haikuitishi cheti." Halafu anacheka mpaka kitambaa kinatoka kichwani.

Miguu yake iliposhindwa, akarudi kwao Kabras, mimi nikabaki ndio mkubwa wa jiko. Msichana wangu Mercy alikuwa darasa la tatu hapo hapo shuleni. Kila mchana nilimwona kwa laini na sahani yake ya kijani, nikajisikia mtu.

Sasa, siku moja mtu wa stoo alikuwa anaenda matanga Khwisero. Alipita jikoni jioni akiwa tayari amevaa koti.

"Mama Mercy, nimeandika pale kwa gunia la kona. Umesoma?"

"Nimesoma."

Lilikuwa neno moja tu. Angeniona nikisita, angenisomea yeye mwenyewe.

Asubuhi nikafungua gunia la kona, uzi mweusi, nikidhani ameandika ndilo la kupikwa. Mahindi yalikuwa na vumbi jeupe, nikadhani ni dumuzi tu. Nikapeta nje, nikaosha, maji yakawa kama maziwa. Pua iliniambia kitu. Nikaiambia inyamaze, moto umeshawaka.

Kukaribia saa sita nikatoka kumwaga jivu. Pale nilipopetea, ingokho wa mwalimu mkuu, ile kuku yake nyekundu, alikuwa amelala ubavu, mguu mmoja unapiga piga hewa. Nilisimama na karai la jivu mkononi. Nikalitupa chini.

Nikakimbia stoo, nikageuza lile gunia, sasa tupu. Kulikuwa na chaki, maneno matatu. Niliyaangalia kama kuangalia ukuta. Nikaomba, "Baba, nifungue macho hata dakika moja." Hayakufunguka. Nje watoto wa darasa la kwanza walikuwa wameanza kugonga sahani, na laini hiyo ingefika kwa Mercy.

Kumuuliza mtu ilikuwa ni kupoteza kazi. Nililijua hilo nikitembea. Niliingia ofisini kwa mwalimu mkuu bila kubisha, gunia mkononi.

"Madam, hapa imeandikwa nini?"

Alinitazama juu ya miwani. "Wewe si ulisema unajua kusoma?"

"Nisomee kwanza. Utanifuta baadaye."

Akasoma. "Ina dawa. Isipikwe." Kisha akasimama, kiti kikaanguka. "Umepika?"

"Nimepika."

"Kuna mtoto amekula?"

"Bado, Madam."

Sijawahi kuona mtu mzima akikimbia na viatu vya kisigino vile. Walimu walichimba shimo nyuma ya shamba la shule, tukamwaga githeri yote, tukafunika. Watoto walikunywa uji saa tisa. Mercy alinifuata na sahani yake tupu: "Mama, leo umeunguza?" Nikamwambia ndiyo. Usiku wa siku hiyo nilimwambia ukweli.

Kesho yake niliitwa. Nilikuwa nimeshafunga leso zangu za kwenda nyumbani.

"Sikufuti," mwalimu mkuu alisema. "Lakini ukimaliza kuosha sufuria kila jioni, utaingia darasa la kwanza. Kuna gumbaru pale, masomo ya watu wazima. Ukikosa siku moja, hapo ndio nitakufuta."

Hivyo ndivyo nilikuwa mwanafunzi. Tulikuwa watu wazima saba kwa madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Mwalimu aliuliza kila mtu anataka kuandika neno gani kwanza. Wengine walisema jina lao. Mimi nilisema "dawa". Miaka mitano baadaye nilifanya mtihani wa darasa la nane mwaka mmoja na Mercy. Alinishinda mbali, na jirani walinicheka. Waliocheka niliwapikia chai.

Nilikaa jikoni mpaka moshi ukakamata kifua, daktari akasema imetosha. Watu wanadhani uoga uliisha nilipojua kusoma. Haukuisha. Mpaka leo nikinunua hata chumvi, nasoma pakiti mara mbili kwa sauti. Nimeacha kumwomba Mungu auondoe. Huo uoga ndio ulinifikisha ofisini.

Mwezi uliopita niliitwa nikamwonyeshe mpishi mpya kazi, mama kijana anaitwa Rispa, mtu mwenye mikono myepesi. Nilimfundisha ungo, kuni, gorogoro. Halafu kwa stoo nikamwonyesha gunia lenye chaki.

"Nisomee hapo."

Akainama, akafuta macho na kona ya leso. "Mama, huu moshi umeniharibu macho kabisa leo."

Stoo haina moshi.

"Hata mimi yangu yalikuwa hivyo," nikamwambia. "Leta hilo gunia, twende nalo ofisini. Tunaenda wawili."