Mihogo ya Bibi Ilipolia

Mihogo michungu iliyovundikwa inanuka kama kitu kinachooza, lakini mwaka ule wa njaa, kwetu Mkunya, mimi niliisikia kama harufu ya ugali unaokuja. Mama alikuwa amefariki. Mimi na mdogo wangu Zuhura tulilelewa na Bibi, na chakula kilichobaki kilikuwa ile mihogo tu. Bibi aliimenya, akailundika chini ya majani mpaka ikaota ukungu mweusi, akaukwangua, akaianika kichanjani. Ina sumu ile. Ukiila haijakauka inakuua. Kila asubuhi alivunja kipande karibu na sikio langu. "Umesikia?" Sikusikia kitu. "Basi bado." Tukarudi kwenye majani ya kunde na chumvi.

Namtaja kwa jina: Baba mdogo Saidi, nyumba ya pili. Mihogo yake ilianikwa siku moja na yetu. Akaiteremsha ingali laini, akamfokea mkewe aitwange. Harufu ya ugali ikatufikia, Zuhura akaanza kulia. "Njooni mle, watoto!" Saidi akapiga kelele, anacheka. "Bibi yenu anangoja mfe ndiyo apike?" Njaa ilinitia kizunguzungu. Nikamshika Zuhura mkono, akaning'ata ili nimwachie. Sikumwachia. Alama ya meno yake ninayo hadi leo.

Jua halijapinda, watoto wa Saidi walikuwa wanatapika uani, wakapakiwa kwenye baiskeli kupelekwa zahanati. Walipona, namshukuru Mungu. Saidi, badala ya kuona haya, akatangaza kijiji kizima kwamba Bibi amekiloga chungu chake. Miaka mingi baadaye Bibi aliingia kaburini na jina la mchawi. Hilo sijamsamehe.

Asubuhi chache baada ya watoto wale kutapika, Bibi akavunja kipande. Ka! Kama kijiti kikavu. Nikaruka, nikapiga vigelegele mwenyewe. Ugali ule tuliula bila mboga, moto, mpaka Zuhura akasinzia mkono ukiwa bado kwenye sahani. Tulishinda.

Leo Zuhura ana wajukuu, nami nina kichanja changu cha kuanikia. Saidi amezeeka, mkewe hayupo, mchana anakuja kula kwangu. Namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Juzi alinikuta nageuza mihogo.

"Bado tu, mwanangu? Njaa inauma."

Nikavunja kipande karibu na sikio lake. "Umesikia kitu, Baba mdogo?"

"Sijasikia."

"Basi kaa usubiri."

Akakaa.