Nani amechukua joto la Mama Wanjiru?

Leo nimeulizwa swali ambalo sijawahi kuulizwa kazini.

Zile programu zinazounganisha simu zenu zilikuwa kwa mashine zetu kubwa hapa Makongeni. Sasa tumezihamishia cloud, yaani kwa kompyuta za kituo cha data huko Ruiru. Hakuna simu iliyokatika. Hakuna mteja aliyelalamika. Asubuhi nikazima mashine ya mwisho, nikajipiga kifua kabisa.

Kabla chai ipoe, geti ikagongwa.

Ni Mama Wanjiru, jirani wetu wa nyuma.

"Wewe ndiye fundi? Stima imepotea huku kwenu?"

Nikamwambia stima iko.

"Basi mbona ukuta umekuwa baridi?"

Ukuta gani tena?

Akanipeleka kwake. Woiye! Kumbe amejenga kibanda cha vifaranga kwa ukuta wa chumba chetu cha mashine. Miaka yote hiyo sisi ndio tumekuwa tukimpashia kuku joto, na hatujui! Leo, na hii baridi ya Julai, wamerundikana kwa kona wakilia.

Nikamweleza vile kila kitu kimehamia Ruiru. Akanisikiza mpaka mwisho.

"Sawa. Na joto mlilipeleka wapi?"

Nimemletea jiko na makaa, lakini hilo swali limekataa kunitoka.

Watu wa Ruiru, kuna mtu anaishi nyuma ya hicho kituo? Hebu gusa ukuta wako.

Kama una joto, Mama Wanjiru anauliza kama kuna nafasi ya vifaranga.